Kwanza Niambie Maji Yanatoka Wapi

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Nawashukuru walioniita, na nawashukuru ninyi mlioacha pedi zenu za gemu nyumbani leo Jumamosi mkaja kusikiliza.

Nimeombwa nijibu swali moja: katika gemu zote za kompyuta za Fallout, ipi bora? Tangu mfululizo wa televisheni ulipotoka Aprili 2024, swali hili naulizwa karibu kila wiki, na vijana waliokuwa hawajazaliwa gemu ya kwanza ilipotoka. Kila mtu ana kipimo chake. Kuna anayepima kwa bunduki, kuna anayepima kwa ukubwa wa ramani, kuna anayepima kwa ubora wa picha. Hao siwapingi. Mimi napima kwa maji.

Nimekulia nyumba ambayo maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki, na usiku wa siku hizo mama alituamsha saa tisa tukinge. Tulijaza ndoo, madumu, masufuria, mpaka beseni la kufulia. Mtoto aliyelelewa hivyo akiingia kijiji chochote, hata kijiji cha ndani ya kompyuta, macho yake yanatafuta kisima kabla ya kutafuta kitu kingine. Nilipoanza kucheza Fallout nilikuwa na jicho hilo tayari, na nikagundua kwamba walioitunga gemu hii walikuwa nalo pia. Toleo baada ya toleo, chini ya milipuko na majitu, kuna swali la maji. Yanatoka wapi, ni ya nani, na nani hayapati. Jinsi kila gemu inavyolijibu ndivyo mimi ninavyoijua.

Kwa ambao hawajacheza: katika hadithi hii, tarehe 23 Oktoba 2077 Marekani na China zinarushiana makombora ya nyuklia, na kwa muda wa saa mbili hivi dunia inaungua. Baadhi ya Wamarekani wamewahi kuingia kwenye mahandaki ya kampuni iitwayo Vault-Tec, kila handaki na namba yake. Kila gemu inachukua kona moja ya Marekani, miaka michache au mingi baada ya moto. Na nawaambia mapema, nitafichua miisho.

Fallout ya kwanza ilitoka 1997. Ni kazi ya kampuni ya Interplay ya California. Tim Cain ndiye aliyeiongoza, na ile sura yake ya mabango ya miaka ya 1950 ilisimamiwa na Leonard Boyarsky. Mwaka wa hadithi ni 2161. Umezaliwa Vault 13, jua hujawahi kuliona. Msimamizi wa handaki anakuita na kukueleza kwamba chipu inayoendesha mtambo wa kusafisha maji imekufa, na akiba iliyopo ni ya siku 150. Toka, katafute nyingine. Hakuna joka la kuua wala binti mfalme wa kuokoa. Umetumwa kipuri.

Na siku hizo 150 zinahesabika kweli. Ukilala ili jeraha lipone, zinapungua. Ukikosea njia jangwani, zinapungua. Zikiisha hujaileta chipu, watu wako wamekufa kwa kiu na gemu imeishia hapo. Baadaye watengenezaji walilegeza hesabu nyingine za muda baada ya wachezaji kulalamika, lakini hii ya maji waliiacha, na mimi nawashukuru kwa hilo. Ukiondoa zile siku, Fallout ya kwanza inakuwa matembezi.

Kuna njia ya kununua muda. Katika mji wa biashara uitwao Hub kuna wafanyabiashara wa maji. Ukiwalipa, wanapeleka msafara wa maji Vault 13, nawe unapata siku 100 za ziada. Nililipa bila kusita. Kumbe msafara ule unaacha njia nyuma yake, na majitu ya kijani yanayowinda watu wa mahandaki yanaifikia nyumba yenu mapema kuliko ambavyo yangeifikia. Ile hundi ya maji niliyoiandika kwa huruma ilikuwa inampeleka adui mlangoni kwa mama yangu. Hakuna aliyenionya. Gemu ilinyamaza, ikaniacha nifanye hesabu mwenyewe.

Sasa niwapeleke Necropolis, maana hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Necropolis ni magofu ya Bakersfield. Wanaoishi humo ni watu waliounguzwa na mionzi wakashindwa kufa: ngozi imewachunika, sauti zimekwaruza, umri umewapita. Kwenye gemu wanaitwa maghuli. Handaki lao, Vault 12, mlango wake ulitengenezwa usifunge, kwa makusudi. Na humo chini, kwenye kompyuta ya handaki hilo, kuna chipu ya maji inayofanya kazi. Ndiyo unayoitafuta. Tatizo ni kwamba wao nao wanaitegemea.

Kuna kundi la maghuli wanaojificha kwenye mifereji ya maji machafu, watu wapole. Hawakuzuii. Wanakuomba tu kwamba kabla hujaichukua, uwatengenezee pampu yao ya zamani iliyoharibika kule juu, ili ukiondoka wasibaki wakavu. Vipuri vipo, vimezagaa kwenye mifereji hiyohiyo. Unahitaji kuvitafuta, unahitaji ujuzi kidogo wa ufundi, na unahitaji kupita kwa majitu yanayolinda jengo la pampu. Yote hayo yanakula muda, na wewe siku zako zinahesabika.

Mara ya kwanza sikutengeneza. Nilikuwa nimebakiwa na siku chache, nikajiambia watu wangu kwanza, nikaichomoa nikaondoka. Gemu haikunizuia. Niliporudi Vault 13 walinishangilia, na nilipokuwa nashangiliwa nilikuwa nafikiria wale wa mferejini. Nimecheza gemu nyingi zinazoniuliza kama nataka kuwa mwema au mbaya, na kwa kawaida ni swali jepesi kwa sababu wema hauna bei. Hapa wema ulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa siku.

Ningeweza kukaa saa nzima kuwaeleza jinsi adui mkuu wa gemu hii anavyoweza kushindwa kwa maneno matupu, kwa kuonyeshwa ushahidi kwamba majitu yake hayazai, akaona kazi ya maisha yake yote imebomoka. Lakini nimeahidi maji.

Fallout 2 ilifuata 1998, ya Black Isle, kitengo cha Interplay. Ni miaka 80 baadaye. Kijiji cha Arroyo kimekumbwa na ukame na wewe, mjukuu wa yule wa Vault 13, unatumwa kutafuta GECK, sanduku la kuotesha ardhi upya. Ni gemu kubwa, imejaa miji, kamari, ndondi, magenge, utani mwingi kupita kiasi kwa ladha yangu. Maji yanasogea nyuma. Hata hivyo mambo mawili siwezi kuyaruka.

La kwanza: njiani unakuja kujua kwamba zile chipu za akiba zilizokusudiwa Vault 13 zilipelekwa Vault 8 kwa makosa, na Vault 13 ikapokea GECK ya pili ambayo haikuiomba. Yaani ile safari yote ya gemu ya kwanza, maghuli waliobaki bila maji, babu yako aliyefukuzwa na watu wake mwenyewe baada ya kuwaokoa, chanzo chake ni mzigo uliokosea ghala. Yeyote aliyewahi kusubiri kipuri cha pampu ya kijiji kilichopelekwa wilaya nyingine anajua kwamba huo ni uandishi wa kweli.

La pili ni mgogoro wa Vault City na Gecko. Vault City ni mji safi, wenye hospitali, wenye kuta, wenye raia na wenye watumwa wanaoitwa watumishi. Jirani yao, Gecko, ni maghuli wanaoendesha kinu cha nyuklia kinachovuja, na kinachovuja kinaingia kwenye maji ya ardhini ya Vault City. Kiongozi wa mji anataka maghuli waondolewe. Kuna diwani anayeona kwamba kinu kikitengenezwa, maji yatakuwa safi na umeme utapatikana pande zote mbili. Wewe unaamua. Majirani wawili wanaodharauliana, wanakunywa mkondo mmoja chini ya ardhi. Sijui gemu nyingine ya mwaka ule iliyokuwa inaongea hivyo.

Halafu mambo ya kampuni yakaharibika. Interplay ikaishiwa fedha, Fallout ya tatu ambayo Black Isle walikuwa wakiitengeneza ikafutwa 2003, na 2007 haki zote za jina zikanunuliwa na kampuni ya Bethesda. Mwaka uliofuata, Oktoba 2008, tukapata Fallout 3 nyingine kabisa: unaona kwa macho ya mhusika, unatembea mwenyewe kwenye magofu ya Washington.

Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu wapenzi wa zile mbili za mwanzo huwa wakali juu ya hii, na mimi siko kwenye ukali huo. Fallout 3 ndiyo niliyoanza nayo. Siku nilipotoka Vault 101, ule mwanga ukanipiga, halafu macho yakazoea na nikaona bonde lote limeungua mpaka kule kwenye mnara wa Washington, nilikaa dakika nzima bila kugusa kitu.

Na hii ndiyo Fallout ambayo maji yako katikati ya hadithi waziwazi. Mito yote ina mionzi. Ukiinama kunywa, kipima mionzi kinalia tik tik tik mkononi mwako. Nje ya lango la mji wa Megaton amekaa mwombaji mmoja aitwaye Micky, anaomba maji safi tu. Baba yako, sauti yake ni ya Liam Neeson, ameacha handaki ili amalizie mtambo alioanza na mama yako kabla hujazaliwa, ndani ya jengo la kumbukumbu ya Jefferson, wa kusafisha maji ya bonde lote kwa mkupuo. Mama alikufa akikuzaa. Aya aliyoipenda ni Ufunuo 21:6, ile ya mwenye kiu kupewa maji ya uzima bure, na namba ya siri ya kuwasha mtambo ni 216. Mimi nimesikia aya hiyo ikisomwa tangu utotoni, kwenye ibada na kwenye misiba. Kuiona ikiwa ufunguo wa mtambo wa maji kulinigusa kwa namna ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyeifahamu.

Kwa hiyo ninaposema kwamba Fallout 3 haijui kiu, nasema kama mtu anayeipenda.

Miaka 200 imepita tangu mabomu. Megaton inakula nini? Nimeizunguka, shamba sikuliona. Maji wanayo: mzee Walter ana mtambo mdogo uliochakaa, anakuomba umzibie mabomba matatu yanayovuja, unaziba, anakulipa. Lakini hakuna anayepanga foleni kwenye mtambo ule. Hakuna anayegombana na jirani kwa sababu ya ndoo. Wewe mwenyewe unaweza kumaliza gemu nzima bila kunywa hata tone, kwa sababu mwili wako haudai. Maji yanatajwa na kila mtu na hayamnyimi mtu usingizi. Yamekuwa alama ya kitu kingine: sadaka, baba, wokovu. Ni alama nzuri. Ila aliyewahi kukinga maji saa tisa usiku anajua kwamba maji kabla ya kuwa alama ni uzito begani.

Na ule mwisho. Mtambo unahitaji mtu aingie chumba chenye mionzi ya kuua aandike namba. Unaye rafiki, Fawkes, jitu ambalo mionzi hailidhuru hata kidogo. Unamwomba. Anakataa, anasema hiyo ni hatima yako. Wachezaji walikasirika, na walikuwa na haki. Gemu ililazimisha sadaka pale ambapo akili ya kawaida ilikuwa inatosha. Mwaka 2009 wakatoa nyongeza ya Broken Steel, ikaruhusu Fawkes aingie, na ikaendeleza hadithi baada ya maji kuwa safi.

Nyongeza hiyo ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote katika Fallout 3, ingawa watu huitaja kwa ajili ya bunduki zake. Maji yamepatikana, sasa yafike kwa watu. Mwandishi mmoja wa Brotherhood of Steel, kundi la kijeshi linalohodhi teknolojia ya kale, amewekwa mji wa Rivet City asimamie ugawaji, na amechoka mpaka anapayuka: misafara inavamiwa, walinzi hawatoshi. Mjanja mmoja anauza maji ya mionzi kwenye chupa zenye jina zuri. Kundi la dini limeanza kuyafanyia biashara yake ya roho. Mtambo wa ajabu uliwashwa kwa namba ya Biblia, na siku ya pili yake kazi ikawa ni magari, madumu, na nani anashika orodha. Laiti gemu nzima ingeanzia hapo.

Miaka miwili baada ya Fallout 3, Oktoba 2010, ikaja Fallout: New Vegas. Waliitengeneza kampuni ya Obsidian, ambamo walikuwamo baadhi ya watu wa Black Isle, na mkuu wa mradi alikuwa Josh Sawyer. Walipewa miezi 18 hivi. Ilitoka na kasoro nyingi za kiufundi. Nimepoteza saa nyingi kwa sababu gemu iliganda sijasevu. Bado nasimama mbele yenu kusema hii ndiyo bora, na sababu yangu ni bwawa.

Hoover Dam ni bwawa la kweli. Lilijengwa kati ya 1931 na 1936 kwenye mto Colorado, mpakani mwa Nevada na Arizona, na ziwa lililojaa nyuma yake, Lake Mead, ndilo linalonywesha jiji la Las Vegas mpaka leo. Obsidian hawakuhitaji kubuni mtambo wa miujiza. Walichukua kitu ambacho mji ule kwa hakika hauwezi kuishi bila hicho, wakauliza: dunia ikianguka, nani atalishika?

Majibu ni manne. Jamhuri Mpya ya California, NCR, ile iliyoanza kama kijiji chenye mahindi na kisima kwenye gemu ya kwanza, sasa ni dola yenye kodi, askari na wanasiasa, na imeshika bwawa. Ng'ambo ya mto yuko Caesar na jeshi lake la watumwa. Mjini yuko bwana House, tajiri wa kabla ya vita ambaye bado yu hai ndani ya mashine. Yeye ndiye aliyezuia makombora 68 kati ya 77 yaliyolengwa eneo lile, na hakuna lililoangukia mji wenyewe. Ndiyo maana maji mengi ya jangwa lile la Mojave yanafaa kunywa. Na wa nne ni wewe, ukitaka kuuchukua mji kwa niaba yako.

Tazameni tofauti. Katika Fallout 3 kila mtu anakubali kwamba maji safi ni jambo jema, ubishi ni nani awashe swichi. Katika New Vegas maji tayari ni safi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu kilicho safi kina mwenyewe.

Hata pesa yao inarudi kwenye maji. NCR ilikuwa na noti zenye dhahabu nyuma yake. Brotherhood of Steel wakashambulia hazina ya dhahabu, noti zikaanguka, na wafanyabiashara wa Hub wakarudisha vizibo vya soda, kila kizibo kikisimamia kipimo cha maji. Wengi huviona vizibo ni kichekesho cha gemu. Mimi kila nikiokota kizibo chini ya kaunta ya baa iliyobomoka nakumbuka kwamba ni hati ya maji.

Kuna hali ya kucheza kwa ugumu ambayo naiomba kila mtu aijaribu angalau mara moja. Ukiiwasha, mwili unadai: kiu, njaa, usingizi, kila kimoja na hesabu yake. Ghafla ramani inabadilika. Yale mashimo ya maji karibu na kijiji cha Goodsprings, ambapo Sunny Smiles anakupeleka kuwapiga risasi mijusi wakubwa, uliyapita mara ya kwanza kama darasa la risasi. Sasa unayakumbuka kwa jina. Unaanza kupanga safari kwa visima, kama wafugaji wanavyopanga.

Na kuna kazi moja ndogo, haihusiani na hatima ya dunia, wengi hawajaiona. Nje ya Vegas NCR imefungua mashamba, imewaleta wakulima kwa mkataba, na wakulima wanalalamika kwamba maji hayafiki kama yalivyoahidiwa. Koplo White aliyetumwa kuchunguza amepotea. Unafuatilia. Unafika Westside, mtaa wa maskini, ambao wana shamba lao la ushirika na linastawi. Maji yanatoka wapi? Mtu mmoja, Tom Anderson, mtu wa shirika linalotibu na kufundisha bure, amechepusha maji ya NCR yaje kwa watu wa Westside. Na koplo aligundua. Na Anderson alimuua.

Sasa wewe umesimama mbele yake. Mwizi wa maji, muuaji, na watoto wa mtaa mzima wanakula kwa sababu yake. Upande wa pili wakulima nao ni maskini, wametoka mbali kwa ahadi ya serikali, mazao yao yanakauka. Na koplo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake. Unaweza kumfichua Anderson, unaweza kumfunika, na hakuna chaguo ambalo linamshibisha kila mtu. Nimeicheza mara tatu. Mara zote tatu nimeamua tofauti, na mara zote nimelala vibaya.

Ninaposema New Vegas ni bora, nazungumzia chumba kile kuliko vita vya mwisho vya bwawani. Ingawa hata vita hivyo, naomba niseme, unaweza kuvimaliza kwa kumshawishi jemadari wa Caesar arudi nyuma, kama ulijenga ulimi wako vya kutosha. Ni urithi wa moja kwa moja kutoka 1997.

Fallout 4, Novemba 2015, Boston. Nitakuwa mfupi. Mhusika anasema kwa sauti, majibu yako yamepunguzwa yakawa manne, na mengi yanafika mahali pamoja. Hilo limeshasemwa sana. Linalosahaulika ni kwamba hii ndiyo Fallout ya kwanza ambamo wewe mwenyewe unachimba kisima. Unapewa makazi, watu wanakuja, na kila mtu anahitaji chakula, maji na kitanda. Unapiga pampu ya mkono ardhini, inanywesha watu watatu. Ukipata umeme unafunga mtambo mtoni. Nilifurahi sana siku ile ya kwanza ya pampu, zaidi ya nilivyofurahia bunduki yoyote.

Kisha nikaona kinachotokea. Maji yanayozidi yanaingia kwenye sanduku lako, na yanauzika kwa kila mchuuzi. Nikafunga mitambo mto mzima pale kwenye makazi ya Sanctuary. Baada ya muda nilikuwa tajiri kuliko mtu yeyote katika nchi ile, kwa biashara ya maji, na gemu haikuniuliza neno. Hakuna aliyekuja kulalamika kwamba bei iko juu. Kwenye mji wa Diamond City kuna mtoto mmoja anauza maji na ananiomba nimsafishie bwawa lake. Sikuweza hata kumdhuru kibiashara kwa kumwaga maji yangu sokoni. Gemu inajua kitu kimoja tu juu ya hili: kadiri makazi yanavyokuwa na maji na chakula kingi kuliko ulinzi, ndivyo maharamia wanavyokuja mara nyingi. Hiyo ni kweli, na ni nzuri. Lakini Hub ya 1997 ingenitambua mimi ni nani. Ingenipa jina, na maadui, na pengine mtu wa Westside angenichepushia bomba.

Wenye simu tu, bila kompyuta wala pedi, mnaijua Fallout Shelter ya mwaka huohuo. Umeme, chakula, maji: ukiacha maji yapungue, watu wako wanaanza kuugua mionzi. Ni ndogo, lakini swali ni lilelile.

Namalizia na Fallout 76, ya 2018, ambayo ilisemwa vibaya kuliko zote. Ni West Virginia, miaka 25 tu baada ya mabomu, mnacheza wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Ilipotoka haikuwa na binadamu hata mmoja wa kuzungumza naye isipokuwa wachezaji wenzako. Wote wamekufa kabla hujafika. Watu waliona ni uvivu wa watengenezaji, na Aprili 2020 wakaongezewa wakazi.

Mimi niliicheza ikiwa tupu. Ukitoka handakini unafika Flatwoods, kituo cha watu walioitwa Responders: wazima moto, polisi, wauguzi, waliobaki kusaidia. Wamekufa wote. Wameacha kanda za sauti na mafunzo, na miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa ni hili: teka maji mtoni, washa moto, chemsha, ndipo unywe. Sauti ya mtu mpole, anafundisha kwa subira kama muuguzi wa zahanati, anamfundisha yeyote atakayekuja. Nikateka, nikachemsha, nikanywa.

Baadaye nikapanda mpaka Charleston, nikakuta mji umezama kwenye tope. Kanda zinaeleza. Krismasi ya 2082 kiongozi mmoja wa maharamia, akiamini mpenzi wake ameuawa na watu wa mji ule, alilipua bwawa la Summersville. Bwawa hilo nalo lipo kweli, kwenye mto Gauley. Maji yakashuka bonde zima usiku wa sikukuu. Wale waliokuwa wakifundisha watu kuchemsha maji, makao yao makuu yalikuwa huko Charleston.

Kwa hiyo kwa mdogo wangu aliyeniuliza pale mlangoni aanze na ipi, na akasema kompyuta yake ni ya zamani: anza na ya kwanza, inafunguka kwenye mashine yoyote. Ukifika Necropolis, vipuri vya pampu viko kwenye mifereji, usiondoke bila kuvitafuta. Ukiona siku zimebaki chache, bado unazo za kutosha. Mimi nilikuwa nimebakiwa na 19.